Siku Tisa Sheria Zilipolala

Isome hii hata kama chai yako inapoa. Ukifika mwisho, mtumie mtu mmoja mwenye cheo na mmoja asiye na cheo, kisha uangalie nani atakujibu kwanza.

Palikuwa na nchi moja ya milimani ambako mvua ilikuwa ya kubahatisha. Neema yake ilikuwa kijito kimoja kisichokauka. Watu wa huko walijenga ndiva, yaani bwawa la mawe na udongo, juu kabisa ya mashamba yao. Usiku kucha kijito kiliijaza ndiva. Kukipambazuka, kizibo cha gogo kililegezwa kidogo, maji yakateremka mferejini, na kila nyumba ikanywesha shamba lake kwa zamu.

Mfalme wa nchi hiyo aliitwa Kibacha. Hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Hakuwa mlafi, hakuwa mwepesi wa hasira, na alimpenda mkewe Nambike kuliko alivyokuwa tayari kukiri mbele za watu. Alikuwa na kasoro moja tu. Aliamini kwamba bila yeye, watu wake wangeraruana kabla ya saa nne asubuhi.

Siku moja alikuwa barazani anakula makande, akaja Nakiete, mlinzi wa ndiva. Nakiete alikuwa mama wa makamo, mwenye mabega mapana na ulimi usio na breki. Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake, na mama yake aliirithi kwa bibi yake.

"Mfalme wangu, shikamoo. Nimekuja kukukumbusha, siku ya tope imekaribia."

Siku ya tope ilikuwa mara moja kwa mwaka. Ndiva ilikaushwa, watu wote wakaingia na majembe na vikapu kutoa matope yaliyojaa chini. Mtu asiyeingia topeni hakupewa zamu ya maji. Nyumba ya mfalme peke yake ilisamehewa, tangu enzi za babu wa babu yake.

"Waambie wafanye vizuri," Kibacha akasema huku akitafuna. "Hivi Nakiete, umewahi kujiuliza kwa nini watu hawa hawaibiani maji?"

"Kwa nini, Mfalme?"

"Kwa sababu wananiogopa. Binadamu ukimwacha bila fimbo ni fisi tu. Mimi ndiye ninayewashika pamoja. Nikiondoka leo, kesho utaokota meno ya watu mferejini."

Nakiete alipaswa kucheka kidogo, kuaga na kwenda zake. Wengi wangefanya hivyo. Lakini ule ulimi wake haukumruhusu.

"Mfalme wangu, naomba nisikubaliane nawe. Wewe hujawahi kufika ndiva kukipambazuka. Mimi nipo pale kila siku."

Kibacha akaweka bakuli chini. Kusema kweli, maneno yale yalimchoma. Ndani kabisa, mahali ambapo hata Nambike hakupajua, alikuwa na hofu moja: kwamba huenda hana kazi, kwamba huenda nchi ingekwenda vizuri tu bila yeye.

"Basi tujaribu," akasema. "Siku tisa. Nitazilaza sheria zote. Sheria ya zamu, ya mipaka, ya faini, hata ile ya kuitikia yowe. Mtu asimlazimu mwenzake kwa lolote. Wakipigana, nachukua kizibo cha ndiva nakiweka nyumbani kwangu. Nitaweka askari wenye viboko mferejini, na wewe utakwenda kupalilia mihogo yako."

Nakiete hakurudi nyuma. Alikuwa amemwona mama yake akilinda ile ndiva bila kiboko hata kimoja, miaka yote.

"Na wasipopigana?"

"Wasipopigana, omba utakalo."

"Basi utaingia topeni pamoja nasi."

Mfalme akacheka mpaka makande yakamkwama kooni.

Kesho yake ngoma ya mbiu ikapigwa, tangazo likasomwa, na watu wakatazamana. Wengine walidhani mfalme anaumwa.

Siku ya kwanza Kibacha aliamka mapema kuliko jogoo. Akakaa barazani, mahali ambapo aliona bonde lote, akatega masikio asikie vita. Alisikia ndege, akasikia majembe, akasikia mtu anapiga mluzi. Jua likapanda. Maji yalikuwa yanakwenda kwa zamu kama kawaida.

Usidhani watu wale walikuwa malaika. Asubuhi hiyo mkulima mmoja aitwaye Senkoro alikwenda ndiva kukiwa bado na giza, jembe begani, na nia yake haikuwa nzuri. Akamkuta jirani yake Mgonja ameshafika. Mgonja naye aliwakuta wengine wanane.

"Umefuata nini hapa?" Senkoro akauliza.

"Nimekuja kuhakikisha huchukui maji yasiyo yako. Na wewe?"

"Hilohilo."

Walikuwa wote pale, kila mmoja akimlinda mwenzake, wamekodoa macho kama wanaolinda shamba dhidi ya ngedere. Sasa wafanye nini? Mtu mmoja akacheka, na wengine wakafuata. Nakiete akawauliza zamu ya leo ni ya nani, wakamwambia, akalegeza kizibo. Siku ya pili walikuja watano. Siku ya tatu alikuja mwenye zamu peke yake, kwa sababu wengine walikuwa na kazi zao.

Kibacha hakuyajua hayo. Aliona tu maji yanakwenda, na kila asubuhi moyo wake ulizidi kusinyaa. Je, umewahi kuomba jambo baya litokee ili tu uonekane ulisema kweli? Basi unamwelewa.

Siku ya nne ilikuwa zamu ya mfalme. Kila juma maji yalianzia kwake, kwenye shamba la magimbi la Nambike. Na msimu huu magimbi yale hayakuwa ya mchezo. Binti yao Kiondo alikuwa anaolewa baada ya majuma matatu, na kwa mila ya huko, wakwe hulishwa magimbi aliyoyapanda mama wa bibi harusi kwa mikono yake mwenyewe. Ya kuomba kwa jirani hayakubaliki. Ni aibu inayofuata ukoo.

Jua likafika utosini na shamba lilikuwa kavu. Kibacha akapanda mwenyewe hadi ndiva, jasho likimtoka.

"Nakiete! Maji yangu yako wapi?"

"Yamekwenda kwa Mgonja, Mfalme wangu. Baada yako anafuata yeye."

"Nani ametoa amri ya kuniruka?"

Nakiete akamtazama kwa mshangao wa kweli. Hakuwa na kejeli yoyote usoni.

"Wewe. Umezilaza sheria zote, na zamu yako ya kwanza ni sheria. Sisi tunapeana maji kwa kuwa wote tuliingia topeni mwaka jana, kila mtu alimwona mwenzake. Wewe hukuingia. Babu wa babu yako aliambiwa hivi na wazee wetu: wewe keti utuamulie magomvi yetu, nasi tutakutolea tope na kukupa maji ya kwanza. Sasa siku hizi tisa huamui magomvi. Tukaona labda na maji huyahitaji."

 Maisha yake yote Kibacha aliamini maji yanaanzia kwake kwa sababu yeye ni mfalme, kama vile ndevu zinavyoota kidevuni. Hakuwahi kufikiri kuwa ni ujira wa kazi. Angeweza kuzirudisha sheria papo hapo na mambo yakaisha. Lakini mfalme aliyelaza sheria siku tisa atazirudishaje siku ya nne kwa ajili ya magimbi? Akashuka.

Siku ya tano alipata alichokuwa anakisubiri. Senkoro na Mgonja waligombana kwelikweli. Mgonja alisema maji aliyoyapata siku ile ya nne ni ya mfalme, kwa hiyo zamu yake mwenyewe bado ipo. Senkoro akasema maji ni maji, amekwisha kunywesha, sasa zamu ni yake. Wakatukanana mpaka na wake zao wakatoka. Majembe yakanyanyuliwa.

Kibacha alisimama barazani. "Haya," akanong'ona. "Haya sasa."

Halafu akaona majembe yanashuka. Wale wawili wakaanza kupanda mlima kuja kwake, wakitembea mbalimbali ili wasigusane.

"Mfalme wetu," Senkoro akasema, akihema, "tuamulie. Huyu bwana amenichosha."

"Amenichosha yeye," Mgonja akasema.

Nakwambia, Kibacha alitamani kuwaamulia kuliko alivyotamani chakula. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na aliijua vizuri. Lakini kiburi kikamkaba.

"Sheria zimelala. Piganeni, atakayeshinda achukue."



"Tukipigana tutaumizana," Mgonja akasema polepole. "Mke wake ni dada yangu. Nikimvunja mkono, shamba lake nitalima mimi."

"Na mimi nikimvunja?" Senkoro akasema. "Si ndiye fundi pekee wa kuezeka? Paa langu linavuja."

 Mwishowe wakakubaliana: maji wanayoyagombania wasiyaguse, yaende kwa mjane wa jirani, na wao watangoja siku tisa ziishe ili mfalme awaamulie. Wakashuka bado wamenuniana. Kibacha akabaki barazani, na safari hii hakujua kama amefurahi au amehuzunika.

Jioni hiyo Nambike alirudi kutoka shambani na jani moja la gimbi mkononi. Lilikuwa limelegea, kingo zimekauka.

"Baba Kiondo," akasema, "siku tatu tu. Zaidi ya hapo, wakwe zako tutawalisha mawe."

Akalitundika lile jani mlangoni.

Siku ya saba, kulipoanza kupambazuka, Kibacha alijifunga shuka kuukuu la kulalia ili asitambulike, akapanda hadi ndiva. Nakiete alikuwa bado hajafika. Maji yalikuwa yamejaa pomoni, yametulia.

Mfalme alijiambia kwamba haibi. Sheria zimelala, basi hakuna cha kuiba. Angechukua kidogo tu, kiasi cha kulowesha magimbi, kabla ya watu kuamka.

Shida ni moja. Katika maisha yake yote, Kibacha hakuwahi kushika kile kizibo. Kila mtoto wa nchi ile alijua kuwa kizibo hakivutwi, hulegezwa kwa kuzungushwa, tena baada ya kufungua mchepuko, yaani njia ya maji ya kuingia shambani mwako, kule chini. Kibacha alikishika kwa mikono miwili, akakita miguu, akavuta kwa nguvu zake zote.

Kizibo kilichomoka. Maji yakamtupa chini, yakakichukua kizibo, yakaondoka nacho mferejini. Alipoinuka akiwa ametapakaa tope, aliona maji yanabubujika kama yamefukuzwa. Mchepuko wa magimbi ulikuwa umezibwa. Maji yaliupita bila kuutazama, yakaanza kula kingo za mfereji, yakielekea kwenye miche michanga ya watu wa chini.

Kibacha akatafuta jiwe, hakuliona. Akasokota shuka, akalisukumia tunduni, maji yakalitema. Mwisho akafanya jambo pekee lililobaki. Aligeuka, akakaa ndani ya mfereji, akakandamiza mgongo wake kwenye lile tundu, miguu akaikita ukingo wa pili. Maji yakapungua. Lakini baridi ilimwingia mpaka kwenye mifupa, na ndiva nzima ilikuwa inamsukuma. Alijua hawezi kuvumilia muda mrefu.

Akafungua kinywa apige yowe.

Hapo ndipo akakumbuka. Sheria ya kuitikia yowe nayo aliilaza. Kwa amri yake mwenyewe, hakuna mtu aliyelazimika kuja. Tena kwa imani yake mwenyewe, binadamu bila fimbo ni fisi, na fisi hawaji kumsaidia mtu.

Alipiga yowe hata hivyo. Alipiga kama mtoto, bila adabu ya kifalme, akimwita yeyote.

Kukawa kimya kidogo. Baadaye Kibacha alisimulia kwamba kimya kile kilikuwa kirefu kuliko utawala wake wote.

Kisha akasikia miguu. Ilikuwa mingi. Nakiete akatangulia, nyuma yake Senkoro akiwa na shina la mgomba begani, Mgonja akiwa na jembe, wanawake wenye vikapu vya udongo, na yule mjane akichechemea. Hakuna aliyeuliza kitu. Walishindilia shina la mgomba tunduni, wakaongeza udongo na majani, wakakanyaga mpaka maji yakakatika. Ndipo wakamvuta yule mtu mwenye tope, wakamfuta uso, wakaona ni nani.



"Sikuiba," Kibacha akasema, meno yakigongana. "Sheria zimelala."

"Kweli," Nakiete akajibu. "Na sisi hatukulazimika kuja."

Maneno hayo yalimkaa Kibacha kifuani. Akawatazama mmoja mmoja, wenye usingizi bado machoni, wenye tope mpaka magotini.

"Sasa mbona mmekuja?"

Senkoro akajikuna kichwa. "Tumesikia mtu anapiga yowe," akasema, kama vile swali lenyewe halina maana. "Na maji ni yetu."

 Kibacha angeweza kungoja siku mbili zilizobaki. Sheria zingeendelea kulala, na yeye asingekuwa mwizi. Badala yake alisema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia:

"Basi ziamke. Zote, sasa hivi, kabla sijanyanyuka hapa."

Watu wakaguna. Nakiete ndiye aliyeelewa haraka.

"Mfalme wangu, zikiamka sasa, wa kwanza kukamatwa ni wewe."

"Najua. Mwizi wa maji hufanywaje?"

"Hukaa mwisho wa zamu msimu mzima. Na siku ya tope huingia wa kwanza, hutoka wa mwisho."

"Nimepokea. Na wewe Nakiete umeshinda, kwa hiyo tope ningeingia hata nisingeiba. Haya, Senkoro, Mgonja, njooni. Mna shauri lenu."

Akawaamulia palepale, amekaa topeni, anatetemeka kwa baridi. Akasema Mgonja alipewa maji yaliyokuwa ya mfalme bila kuyaomba, basi hayo si zamu yake, arudishiwe zamu. Na Senkoro asipoteze siku kwa kosa ambalo si lake, naye apewe yake inayofuata. Wote wawili wakakubali na wakapeana mikono. Huenda hawakuridhika sana, lakini shauri lilikwisha, na hilo ndilo walilolitaka tangu mwanzo.

Magimbi je? Mfalme alikuwa mkiani mwa zamu, na jani lilikuwa bado limetundikwa mlangoni. Lakini sheria ya huko inasema mwenye zamu anaweza kumpa amtakaye. Mgonja akakohoa.

"Maji yangu ya leo nampa Mama Kiondo. Simpi mwizi. Nampa mkewe, hajanikosea kitu."

Senkoro hakutaka kuzidiwa, akatoa yake ya kesho. Kicheko kilichotoka pale kilisikika mpaka barazani, ambako Nambike alikuwa amesimama anajiuliza mumewe ameenda wapi na shuka lao la kulalia.

Wakwe walikula magimbi, wakaomba mengine. Siku ya tope Kibacha aliingia wa kwanza na kutoka wa mwisho. Wanawake walimtungia wimbo kuhusu mgongo wake, naye akaujifunza na kuuimba. Msimu ulipokwisha walitaka kumrudishia zamu ya kwanza pamoja na msamaha wa tope. Zamu aliipokea, akasema ni ujira wake na ataufanyia kazi. Msamaha aliukataa.

Wanasema ndivyo mila ilivyoanza kule. Anayetaka kutawazwa hupelekwa ndiva kukipambazuka, akiwa hana mlinzi wala vazi la heshima. Kizibo huchomolewa, naye hukaa mferejini na kuziba tundu kwa mgongo, kisha hupiga yowe. Sheria ya kuitikia yowe hulazwa asubuhi hiyo moja tu. Watu wakija, ni mfalme. Wasipokuja, anajua njia ya kurudi kwao.

Funzo: Heshima unayopewa na watu ni sehemu ya makubaliano, si kitu ulichozaliwa nacho; timiza upande wako, na siku maji yatakapokusukuma mgongoni watakuja hata pasipo sheria ya kuwalazimisha.